Sheria ya Kuunganisha Makampuni Itazame na Visiwani

Mwezi Oktoba 2021 ilitangazwa kwamba Scancem, kampuni tanzu ya Heidelberg ya Ujerumani na mmiliki mkuu wa Twiga Cement, itanunua asilimia 68.33 ya hisa za Tanga Cement. Tume ya Ushindani iliridhia mwaka 2022. Mwezi Septemba mwaka huo huo Baraza la Ushindani likaitengua ridhaa hiyo, kwa kuwa viwanda hivyo viwili vikishikwa na mkono mmoja vingevuka kipimo cha asilimia 35 ya soko kilichowekwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Ombi jipya likaletwa, suala likafika hadi Bungeni Dodoma, na mwaka 2023 ununuzi ukakamilika. Baadaye sehemu kubwa ya hisa hizo ikauzwa kwa Amsons, kundi la Kitanzania lenye pia Camel na Mbeya, na tangu mwaka 2024 Bamburi ya Kenya.

Hatuna ugomvi na mwenye kiwanda, awe Mtanzania au mgeni. Bei haina uraia. Tunalouliza ni hili: asilimia 35 ya soko lipi? Mfuko wa saruji utokao Wazo Hill au Pongwe hupanda lori mpaka Dodoma. Ukija kwetu huvuka bahari, na kila hatua ina gharama yake. Mnunuzi wa Dar es Salaam akikataliwa na muuzaji mmoja huvuka barabara kwa mwingine. Fundi wa Wete hana barabara ya kuvuka.

Tena Sheria ya 2003 ni ya Tanzania Bara, maana ushindani wa biashara si jambo la Muungano. (Neno hilo kwetu lina uzito wake, wala si la makampuni tu.) Zanzibar imejitungia sheria yake mwaka 2018, na ina Tume yake. Basi kiwanda kilichoko Bara kikibadili mwenyewe, uamuzi hufanywa Bara, na mnunuzi wa Pemba huupata umo ndani ya bei.

Serikali iliyoujenga Mji wa Mtumba yajua vyema saruji ikipungua hutokea nini. Kwa hiyo twawataka Waheshimiwa Wabunge, sheria hii irudipo mbele yao, watie vifungu vya kuilazimisha Tume itangaze ombi la kuungana kwa Kiswahili, katika magazeti na redio za pande zote mbili, kabla ya kuamua. Iwasikilize wanunuzi pamoja na mawakili wa wenye hisa. Ipime soko la visiwani peke yake. Na ikae pamoja na Tume ya Zanzibar kila bidhaa inapovuka bahari. Na uamuzi ukishatenguliwa na Baraza, ombi jipya juu ya mali ile ile lisipokelewe mpaka waombaji waeleze hadharani kilichobadilika.