Kiwanda cha Mizinga Chageuka Nyumba ya Sala

Mwezi wa Mei mwaka 1716, watu walikusanyika kutazama kazi katika kiwanda cha serikali cha kusubu mizinga, mahali paitwapo Moorfields, nje kidogo ya kuta za kale za mji wa London. Siku hiyo mizinga iliyotekwa kwa Wafaransa katika vita vya Jemadari Marlborough ilikuwa iyeyushwe na kusubiwa upya. Kwa bahati mbaya kalibu hazikuwa zimekauka sawasawa. Shaba ya moto ilipomiminwa ndani yake, unyevu uligeuka mvuke kwa ghafula, mlipuko mkubwa ukatokea, na watu kadhaa wakapoteza maisha. Serikali ikaihamishia kazi hiyo Woolwich, na magofu ya kiwanda yakabaki bila mwenyewe wa kuyajali kwa muda wa miaka 23.

Katika magofu hayo ndimo lilimoanzia kanisa la mjini ambalo Wamethodisti wa dunia nzima hulitazama kama nyumba ya mama yao. Mwezi wa Novemba mwaka 1739, John Wesley, kasisi wa Kianglikana aliyekuwa amezoea kuhubiri viwanjani kwa sababu makanisa mengi yalimfungia milango, alihubiri hapo. Baadaye jengo lilinunuliwa kwa paundi 115, likatengenezwa, likawa na ukumbi wa kutosha watu 1,500. Jina lake la zamani halikubadilishwa. Watu waliendelea kuliita Kiwanda.

Mama yake Wesley, Bibi Susanna, alihamia humo, akakaa mpaka alipofariki mwaka 1742. Bibi huyo hakuwa mgeni wa kukaa pembeni. Siku moja mwanawe, akiwa safarini, alipata habari kwamba kijana mmoja aitwaye Thomas Maxfield, asiyekuwa kasisi, amethubutu kuhubiri mbele ya watu. Akarudi mbio kwa hasira ili amkomeshe. Mama akamwonya asifanye haraka, kwani kijana yule ameitwa na Mungu kama yeye alivyoitwa. Kwanza amsikilize na kuyatazama matunda ya kazi yake. Wesley alimsikiliza, akakubali. Tangu hapo watu wa kawaida, wenye kazi zao za mikono, walipewa ruhusa ya kuhubiri, na kwa njia hiyo Umethodisti ulienea upesi.

Hata hivyo, mahubiri peke yake yasingalitosha. Watu waliokuja Kiwandani wengi wao walikuwa maskini wa mji: mafundi wadogo, vibarua, watumishi wa nyumbani na wajane. Kwa hiyo kando ya ukumbi wa sala vilianzishwa vyombo vya kuwasaidia. Palikuwa na shule ya watoto wapatao 60 wenye waalimu wawili. Palikuwa na nyumba mbili ndogo za kupanga, ambamo wajane tisa, mwanamke mmoja kipofu na watoto wawili maskini walilishwa na kutunzwa. Wesley mwenyewe na wahubiri wenzake, kila walipokuwapo mjini, walikula chakula kile kile katika meza ile ile pamoja nao.

Mwaka 1746 dawa zilianza kutolewa bure kwa wagonjwa. Katika miezi mitano ya kwanza watu zaidi ya 500 walihudumiwa. Jambo linalostahili kukumbukwa ni kwamba mgonjwa hakuulizwa kama ni Mmethodisti au siye. Aliyeumwa alipokelewa, basi.

Mwaka huo huo likafunguliwa sanduku la mkopo. Wakati ule mtu mdogo aliyepungukiwa na fedha alikuwa hana pa kwenda ila kwa wakopeshaji wa rehani. Huko aliacha koti lake au chombo chake cha kazi, akatozwa riba kubwa, na mara nyingi asiweze kukikomboa tena. Wesley alipita mjini akiwaomba wenye nafasi wachangie, akapata paundi chache tu, zisizofika 50. Fedha hizo hazikugawiwa kama sadaka. Mwenye haja aliweza kukopeshwa shilingi 20, yaani paundi moja, na alitakiwa kuilipa katika muda wa miezi mitatu. Zilizorudi zilikopeshwa kwa mwingine. Mwaka mmoja ulipotimia, watu wapatao 250 walikuwa wamesaidiwa kwa akiba ile ile ndogo.

Miongoni mwa waliofaidika na sanduku hilo katika miaka ya 1770 ni James Lackington, fundi viatu aliyekuwa ameanza kuuza vitabu vikuukuu katika kiduka kidogo. Wakati huo kiwango cha mkopo kilikuwa kimekwisha kupandishwa hadi paundi tano, naye alikopa hizo tano. Biashara yake ilistawi hata akawa na duka kubwa la vitabu lililosifiwa mjini kote, katika uwanja wa Finsbury, karibu na kanisa. Alipokwisha tajirika aliandika kitabu cha kuwadhihaki Wamethodisti. Lakini baada ya miaka kupita alijuta, akaandika kingine cha kukiri kosa lake, na akatumia mali yake kujenga makanisa. Mkopo haukumnunua moyo wake, wala haukukusudiwa kumnunua. Ulikusudiwa kumsimamisha kwa miguu yake, na jambo hilo lilitimia.

Muda wa kukitumia Kiwanda ulipokaribia kwisha, kanisa jipya lilijengwa karibu na hapo, katika barabara ya City Road. Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 21 Aprili 1777, na milango ilifunguliwa tarehe 1 Novemba 1778. Yasimuliwa kwamba nguzo zake za kwanza zilikuwa milingoti ya merikebu za kivita, zawadi ya Mfalme George wa Tatu. Mwaka 1891 nafasi yake ilichukuliwa na nguzo za yaspi zilizotolewa na Wamethodisti wa nchi za ng'ambo.

Wesley alifariki katika nyumba iliyo kando ya kanisa hilo tarehe 2 Machi 1791, akiwa na umri wa miaka 87. Siku chache kabla, tarehe 24 Februari, alikuwa amemwandikia barua mbunge William Wilberforce kumtia moyo asichoke kupigana na biashara ya watumwa. Naye Wesley alikuwa ameandika kitabu kizima dhidi ya utumwa tangu mwaka 1774. Kwa watu wa Afrika hayo si mambo ya mbali. Mwaka 1862 mmisionari Thomas Wakefield, wa tawi mojawapo la Umethodisti, alifika pwani ya Mombasa na kuanza kazi huko Ribe, na Kanisa la Methodisti la Kenya lilipata kujitawala mwaka 1967.

Wakati huo huo kanisa mama lilikuwa likielekea kuanguka. Wakazi wengi wa eneo lile walikuwa wamehamia kwingine, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 jengo lenyewe lilionekana kuwa la hatari. Lingaliweza kufungwa kabisa. Michango ikaja kutoka nchi nyingi, na tarehe 1 Novemba 1978, miaka 200 kamili tangu siku ya kwanza, lilifunguliwa tena mbele ya Malkia Elizabeth wa Pili. Mwaka 1989 liliungana na Misheni ya Leysian, iliyokuwa imeanzishwa mwaka 1886 kuwahudumia maskini wa sehemu hiyo ya mji. Leo waumini wake ni watu wa mataifa mengi, wakiwamo Waafrika.

Habari hizi zina funzo kwa jamaa za askari na polisi, ambao kila mwezi huijua ile wiki ya mwisho, mshahara ukiwa umekwisha na mtoto anatakiwa karo. Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Anayekimbilia mkopeshaji wa riba huacha redio leo, na kesho huacha kitanda. Lakini wake kumi wa kambi moja, wakiweka kidogo kidogo katika sanduku moja lenye daftari safi na siku maalumu ya kulipa, waweza kumwanzishia mwenzao biashara ya maandazi au cherehani. Mwezi unaofuata humsaidia mwingine. Sanduku la Kiwanda nalo lilianza kwa paundi chache. Halikudumu kwa wingi wa fedha. Lilidumu kwa sababu waliokopa walirudisha, nao waliojua kwamba mwenzao anangojea zamu yake waliona haya kuchelewa.