Vigelegele kabla ya mzigo kufika



Jioni moja hivi karibuni, baada ya mazoezi ya kwaya, kijana mmoja wa VIWAWA aliniita nitazame kitu kwenye simu yake. "Baba, njoo uone watu walivyopagawa," aliniambia. Nilidhani ni mkutano wa injili. Ukumbi mkubwa wenye giza, taa za rangi, watu kwa maelfu wakipiga mayowe, wengine wamejishika vichwa kama waliopata habari ya ndugu aliyepotea. Kumbe walikuwa wakioneshwa gemu. Wala si gemu lenyewe, bali tangazo la gemu ambalo lilikuwa bado halijakamilika.

Kwa msomaji asiyeijua dunia hiyo: tangu mwaka 1995 palikuwa na maonesho yaitwayo E3 kule Marekani, kwa miaka mingi katika jiji la Los Angeles. Kampuni kubwa za gemu zilipanda jukwaani kuonesha zitakachouza mwakani, au mwaka wa kesho kutwa. Yalikuwa maonesho ya wafanyabiashara na waandishi wa habari, watu ambao kazi yao ni kuuliza maswali. Mwaka 2017 yakafunguliwa rasmi kwa umma kwa tiketi 15,000. Desemba 2023 ilitangazwa kwamba yamekufa moja kwa moja. Kampuni sasa hufanya maonesho yao zenyewe, na mayowe yanaendelea.

Video aliyonionesha kijana ilikuwa ya tarehe 9 Juni 2019. Niliporudi chumbani nikafungua kalenda ya liturujia ya mwaka ule, nikatabasamu. Ilikuwa Jumapili ya Pentekoste, sikukuu hii hii tunayoiadhimisha leo. Huku kwetu ilikuwa saa tano usiku, Misa zimekwisha, wakati Los Angeles mchana ndio kwanza shughuli inaanza. Mwigizaji Keanu Reeves, ambaye wengi mnamfahamu kwa sinema zake, alitokea jukwaani bila watu kutegemea, kuitangaza Cyberpunk 2077, gemu la kampuni moja ya Poland. Alipokuwa akisema jinsi mitaa ya ndani ya gemu itakavyomwacha mtu hoi kwa uzuri, mtazamaji mmoja akapaza sauti kutoka kwenye viti kumwambia kwamba yeye Keanu ndiye anayewaacha watu hoi. Naye akamnyooshea kidole, akamrudishia sifa hiyo hiyo, kisha akaigawa kwa ukumbi mzima. Nakiri nilipapenda hapo. Si kila siku mtu maarufu anawaambia watu wa kawaida kwamba wao pia wanastaajabisha.

Baadaye ikatangazwa tarehe ya gemu kutoka: 16 Aprili 2020. Ukumbi ukalipuka.

Nilimuuliza kijana kwa nini mtu ashangilie tarehe. Akanijibu, "Baba, ni raha ya kusubiri pamoja." Jibu hilo lilinifanya nisiwacheke. Na hata tukitaka kuwacheka, sisi ni nani? Kila Agosti tunajaza uwanja kumshangilia mchezaji mpya wa Simba au Yanga kabla hajagusa mpira wa mashindano. Jiwe la msingi likiwekwa tunapiga vigelegele, na miaka kumi baadaye mbuzi wanapanda juu ya jiwe lile. Mwanadamu ana njaa ya ahadi. Mungu ndiye aliyemuumba hivyo.

Lakini tazama kilichofuata. Tarehe ile ilisogezwa hadi Septemba 2020, kisha Novemba, kisha 10 Desemba. Katikati ya mvutano huo, viongozi ambao awali walikuwa wameahidi kutowalazimisha wafanyakazi kupitiliza muda waliwaamuru wafanye kazi siku sita kwa wiki. Gemu lilipotoka, watu zaidi ya milioni 8 walikuwa wameshaweka oda kabla hawajalionja. Kwenye mashine za zamani, PlayStation 4 na Xbox One, ambazo ndizo wengi walikuwa nazo, lilikuwa bovu kupita kiasi: picha zinakwama, gemu linajizima. Kampuni iliomba radhi ndani ya siku chache. Kiasi cha wiki moja baada ya kutoka, Sony iliamua kuliondoa kwenye duka lake la mtandaoni na kuwarudishia wanunuzi fedha. Lilirudi dukani Juni 2021. Waliendelea kulirekebisha taratibu, na kufikia mwaka 2023 wengi waliokuwa wamekasirika walikubali kwamba sasa ni gemu zuri. Haki yao tuwape.

Wahenga walishasema: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sisemi kwamba mayowe ya ukumbini ndiyo yaliyoharibu gemu. Mambo hayo yana sababu nyingi na mimi si fundi. Nasema kwamba anayesifiwa kabla ya kazi anakuwa amekwisha kulipwa. Tena mzigo wa sifa hizo haumwangukii aliyesimama jukwaani. Unamwangukia fundi aliye ofisini Jumamosi usiku, ambaye watoto wake wanamsubiri, kwa sababu kuna tarehe iliyoshangiliwa na haiwezi tena kusogezwa bila aibu. Hilo, ndugu msomaji, ndilo linalonisumbua zaidi. Makofi yetu si bure kama tunavyodhani. Kuna mtu anayalipia, na mara nyingi hayuko ukumbini.

Sasa fungua Matendo ya Mitume, sura ya kwanza. Kabla ya kupaa, Bwana anatoa tangazo kubwa kuliko yote: Roho Mtakatifu anakuja. Mitume wanafanya kama wale wa Los Angeles. Wanataka tarehe! Wanamuuliza kama ni wakati huu ndipo atakaporudisha ufalme. Yesu anakataa kata kata kuwapa tarehe. Anawaambia nyakati hizo si zao kuzijua. Wao wabaki Yerusalemu, wangoje. Wanapoendelea kukodoa macho mbinguni, watu wawili wenye mavazi meupe wanawashtua kwa kuwauliza wanasimama pale wakitazama juu kwa nini. Ni kama kuambiwa, onesho limekwisha, nendeni.

Nao wanakwenda. Wanapanda chumba cha juu pamoja na Maria, Mama wa Yesu, jumla yao karibu 120, na wanasali. Kwa hesabu yetu ya kanisa ni siku tisa, na ndiyo sababu tunasali novena. Hakuna anayeshangilia humo ndani. Wanafanya hata kazi ya kiofisi: wanajaza nafasi ya Yuda kwa kumchagua Mathia. Ahadi kubwa vile, na wanaoingoja wanashughulika na upungufu wa mtu mmoja kwenye orodha.

Kelele zinakuja asubuhi ya Pentekoste, na zinakuja kwa sababu Aliyeahidiwa amefika. Upepo, ndimi za moto, lugha za watu wa kila taifa, hata wapita njia wanadhani hawa wamelewa. Petro analazimika kuwatetea kwamba ni saa tatu tu asubuhi, saa tatu ya kwetu sisi Waswahili, kwani Biblia na saa zetu hazijawahi kupishana. Kwa hiyo asitokee mtu akasema Kanisa linachukia shangwe. Leo katika Misa ngoma zitalia na kina mama watapiga vigelegele mpaka masikio yaume, nami nitafurahi. Ninachouliza ni shangwe hizo zinakuja kabla ya nini, na baada ya nini.

Nauliza nikiwa na deni mwenyewe.

Miaka kumi na kitu iliyopita, katika parokia niliyokuwa nikiitumikia, nilitangaza kwamba tutajenga zahanati. Nilikuwa nimemwomba kijana mmoja anayejua kuchora anitengenezee picha kubwa ya rangi: jengo jeupe, paa la bluu, maua mbele, hata gari la wagonjwa alilichora. Niliifunua altareni baada ya Komunyo. Kanisa zima likasimama. Vigelegele havikukatika, mwenyekiti wa halmashauri ya walei akanikumbatia, na mimi, nisiwafiche, usiku ule nililala kwa raha kana kwamba zahanati imekwisha kujengwa. Niliisikia sauti ile masikioni kwa wiki nzima. Nilipokuwa napita sokoni watu wakiniita "Baba wa zahanati," niliitika.

Kesho yake Jumatatu, kabla ya saa mbili, bibi mmoja alikuwa amekaa kwenye ngazi ya ofisi. Alikuwa ametembea kutoka kigango cha mbali. Akafungua fundo la kanga yake, akatoa shilingi 2,000 zilizokunjwa kunjwa.

"Baba, shikamoo. Jana sikupiga vigelegele, kifua kinanibana. Nimeleta mchango wangu wa zahanati. Naomba risiti, maana mwanangu atauliza pesa imekwenda wapi."

Wanaokumbuka malezi yetu watacheka: bibi wa umri ule kumwamkia padri, na padri kuona haya kuitikia. Lakini haya yangu kubwa ilikuwa nyingine. Sikuwa na kitabu cha risiti. Nilikuwa na picha yenye gari la wagonjwa, lakini hapakuwa na kamati, akaunti ya benki, wala kiwanja kilichopimwa. Nilifungua droo ya kwanza, nikafungua ya pili, nikijifanya natafuta kitu ambacho nilijua hakipo. Bibi alinisubiri kwa adabu yote. Mwishowe nikamwomba akae anywe chai, nikamtuma katekista dukani kwa baiskeli.

Alirudi baada ya saa moja na nusu akiwa na kitabu kimoja, jalada jekundu, karatasi za nakala. Tukamwandikia bibi risiti namba moja.