Kuosha Ukuta wa Mabanzi

Mwezi huu nilitaka kuacha mambo ya kliniki, nizungumze juu ya kuosha ukuta wa mbao kabla ya kuupaka vanishi. Lakini kama mtakavyoona, kliniki ilinifuata huko huko.

Chumba cha watoto wa Shule ya Jumapili hapa kwetu Mwanza kimejengwa kwa mabanzi, yale maganda ya gogo yanayobaki mbao zikipasuliwa. Kipo karibu na ziwa. Mvua, vumbi, na wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi na kufia ukutani, vilikifanya kiwe cheusi chenye ukungu. Mimi ndiye niliyeshauri tuazime mashine ya kuoshea magari, tumalize asubuhi moja.

Tulimaliza kweli. Uchafu ulitoka, na ubao ukatoka nao. Msonobari ni mti laini. Tulisogeza mdomo wa mashine karibu mno, ukuta ukabaki na michirizi na nyuzinyuzi kama mkeka mbovu. Maji nayo yaliingia ndani ya nyufa. Jioni ile ile tukapaka vanishi, kwa kuwa juu palionekana pakavu. Wiki chache baadaye ilibanduka kama ganda la kitunguu.

Hiyo ni hasara ya fedha, inavumilika. Kilichonitisha ni kidole cha kijana aliyeshika mashine. Kilipita mbele ya maji. Kidonda kilikuwa kama tundu la pini, damu tone moja, na mimi muuguzi nilikwisha kufungua plasta! Kisha nikaona kidole kimekuwa cheupe, kimeanza kuvimba, na maumivu yanaongezeka badala ya kupungua.

Gurudumu la gari dogo hujazwa upepo wa baa 2 hivi. Mashine hizi husukuma maji kwa baa 100 na zaidi. Yakitoboa ngozi hayaishii hapo, husafiri ndani kufuata kano, yakibeba uchafu. Kwa hiyo, mama, jeraha la namna hii usilikamue wala usingoje kesho. Mvue pete, inua mkono, mpeleke saa hiyo hiyo penye daktari wa upasuaji, useme wazi kwamba ni maji ya mashine. Ulizia pia sindano ya pepopunda. Yule kijana alipasuliwa usiku ule ule.

Safari ya pili tulingoja kiangazi, mwezi wa Julai. Tulitumia ndoo, sabuni ya unga na brashi ya nyuzi, tukisugua kufuata mistari ya mti. Penye ukungu tulipaka dawa ya kung'arishia nguo iliyozimuliwa kwa maji, tukasuuza vizuri. (Dawa hiyo usiichanganye kamwe na ile ya kusafishia choo, hutoa hewa ya sumu inayochoma mapafu.) Tukaacha ukuta ukauke juma zima, tukapitisha msasa kidogo, ndipo tukapaka. Wengine walishauri oili chafu ya magari, kwamba inafukuza mchwa. Nilikataa, maana watoto huegemea ukuta ule kila Jumapili, na oili hiyo si ya kugusana na ngozi.

Vanishi bado imeshika. Kijana naye alikuja kutusaidia kusugua, akishika brashi kwa mkono wa kulia. Kile kidole cha kushoto hakikunji sawasawa hadi leo.