Daftari la Wiki: Barabara ya Njano

Keeler ni kijiji kidogo mashariki mwa California, kando ya lililokuwa Ziwa Owens. Hapo lami inaachwa na barabara ya vumbi inaanza kupanda milima ya Inyo, kilomita 13 hivi, hadi mji wa machimbo wa Cerro Gordo. Unaanzia mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na kufika karibu 2,500. Injini isiyo na turbo hupoteza kama robo ya nguvu zake huko juu, kwa hiyo usimcheke anayekwenda kwa gia ya kwanza.

Mafuta jaza mjini Lone Pine. Maji beba ya kwako. Mkikutana penye wembamba, anayeshuka ndiye anayerudi nyuma.

Na kushuka ndiko kwenye kazi. Mwenzangu wa safari, mtu wa Tanga aliyewahi kuendesha malori, aliniambia tulipoanza kuteremka: "Ndugu yangu, iachie gia ikushikie gari. Ukilalia breki zitaungua kabla hatujafika chini."

*

Barabara hiyo huitwa Yellow Grade, kwa ajili ya miamba ya njano iliyochongwa ili ipite. Ilijengwa mwaka 1868 na Mortimer Belshaw, miaka mitatu hivi baada ya Pablo Flores na wenzake kuanza kuchimba fedha huko juu. Belshaw alikuwa na tanuru lake la kuyeyushia madini, lakini ujanja wake mkubwa ulikuwa kuweka kizuizi njiani na kutoza ushuru kila kilichopita. Kampuni shindani iliyokuwa na tanuru Swansea, chini ziwani, ilitegemea barabara hiyohiyo kupata mawe yake. Ikalalamika kwamba Belshaw anaiacha iharibike makusudi. Mimi naamini. Mwenye shimo hubahatisha. Mwenye njia anakula kwa kila shimo.

*

Wakati mmoja matanuru yaliyeyusha haraka kuliko nyumbu walivyoweza kusomba. Mikuo ya fedha iliyochanganyika na risasi, kila mmoja zaidi ya kilo 35, ikarundikana kando ya ziwa, na husimuliwa kwamba vibarua waliipanga kama matofali wakajikinga humo na upepo. Hebu fikiria: kibarua amelala ndani ya kuta za fedha, na hata mkuo mmoja si wake. Mwaka 1873 Remi Nadeau na misafara yake ya nyumbu wakapewa kazi ya kuisomba hadi Los Angeles, ambayo wakati huo ilikuwa mji mdogo tu. Biashara ya Cerro Gordo iliunenepesha.

*

Huko juu fedha ilikuwepo, maji hayakuwepo. Yalipandishwa kwa migongo ya nyumbu na kuuzwa. Chini ziwani mambo yalikuwa kinyume kabisa: tangu 1872 meli ya mvuke, Bessie Brady, ilivusha mikuo hadi ng'ambo. Leo ukisimama Keeler kumtajia mgeni habari za meli, atakutazama mara mbili.

Mwaka 1913 Los Angeles ilifungua mfereji wake mkubwa na kuyachukua maji ya Mto Owens. Kufikia miaka ya 1920 ziwa lilikuwa limekauka. Sakafu yake ya chumvi ikawa vumbi linaloingia vifuani mwa watu wa bondeni.

*

Hoteli ya Cerro Gordo, iliyojengwa 1871, iliteketea kwa moto Juni 2020. Mashimo yamebaki, na mbao zake za zamani si za kuaminiwa: usiingie hata kwa kupiga picha.

*

Los Angeles imelazimika kutumia zaidi ya dola bilioni 2 kutuliza vumbi la ziwa, kwa kulowanisha sakafu, kumwaga kokoto na kuotesha majani. Wapo wanaonung'unika kwamba ni gharama kubwa mno. Mji uliochukua fedha ya mlima kisha maji ya bonde haudhulumiwi ukiletewa bili ya vumbi.