Posa ya Pili Si Aibu

Katika miji yetu midogo kuna hukumu ambayo haikuandikwa na mahakama yoyote, lakini hutekelezwa kila siku: walioachana wasirudiane. Kijana aliyekwenda Dar es Salaam kutafuta maisha akirejea baada ya miaka na kumposa binti aliyemwacha, au mtalaka akituma mshenga kwa mke wake wa zamani, jibu huwa limeshatolewa barazani kabla barua ya posa haijafunguliwa. Maji yakimwagika hayazoleki. Mtupa jongoo hutupa na mti wake. Wenye ulimi mkali husema anayerudiana anakula matapishi yake. Methali hizi hushikwa kama ushahidi, na familia nyingi huzitii kwa kuogopa maneno ya watu, si kwa kuogopa ndoa mbaya. Imani hii ni potofu, na imewanyima watu wema ndoa ambazo zingewafaa.

Wanaoitetea huipa sura ya dini na heshima ya ukoo, basi tuanzie hapo. Sahihi Bukhari inasimulia habari za Maaqil bin Yasar, sahaba aliyemwoza dada yake. Mume alimwacha, eda ikaisha, kisha akarudi kumposa. Maaqil alikasirika kama ambavyo kaka yeyote wa Tanga au Lamu angekasirika: nilikuoza, nikakuheshimu, ukamwacha, leo unarudi? Akaapa kwamba dada yake hatamrudia kamwe. Lakini mtu yule hakuwa mbaya, na mwanamke mwenyewe alitaka kurudi. Hapo ndipo iliposhuka aya ya 232 ya Suratul Baqara, inayowakataza mawalii kuwazuia wanawake kuolewa na waume wao ikiwa wamepatana kwa wema. Maaqil akaacha kiapo chake, akawaoza. Kaka yule ndiye aliyeambiwa abadilike, wala wapenzi wale hawakuaibishwa. Ni kweli kwamba mlango huu una kikomo, kwani baada ya talaka tatu mume hawezi kumrudia mkewe mpaka mwanamke aolewe kwingine na ndoa hiyo nayo iishe. Ni kweli pia kwamba Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, humkataza mume kumrudia mke aliyekwisha kuolewa na mwingine. Hata hivyo, Paulo alipowaandikia Wakorintho kuhusu mke aliyeachana na mumewe, alimpa njia mbili: akae bila kuolewa, au apatane naye. Nayo Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kwa kawaida, haimruhusu mtu kwenda kudai talaka mahakamani kabla shauri halijapita kwenye baraza la usuluhishi. Anayesema kurudiana ni kinyume cha mila na dini atuonyeshe mila ipi na dini ipi.

Lakini ruhusa peke yake haitoshi kuifanya posa ya pili iwe jambo la busara. Kinachoifanya hivyo ni kujuana, na kujuana huko kumejaa katika mji mdogo. Chukua Pangani, ambako kwa miaka mingi wa mjini na wa Bweni, ng'ambo ya pili, wamevushwa na kivuko kimoja, kila mmoja akimwona mwenzake amepanda na nani, amebeba nini, amesalimia au amepita. Mchumba akitoka mbali, familia hutuma watu kuulizia: ni wa nani, anakunywa, ana watoto wapi, deni lake ni kiasi gani? Hurudi na majibu nusu, na nusu nyingine hugunduliwa baada ya harusi. Kwa yule wa zamani, kazi hiyo imeshafanyika. Hasira yake inajulikana, ukarimu wake unajulikana, na kama amebadilika mashahidi ni jirani, mwajiri na imamu wa msikiti anaoswali. Swali linalobaki ni moja: kilichowatenganisha kimeondoka? Kama ilikuwa mahari aliyoshindwa kuipata, au mzazi aliyemkataa kwa ukabila, au masomo na umbali, basi tatizo lilikuwa la wakati ule, na wakati umepita. Nancy Kalish, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Jimbo la California huko Sacramento, aliwachunguza watu 1,001 waliojaribu kurudiana na wapenzi wa zamani, akachapisha matokeo mwaka 1997. Takribani saba katika kila kumi walikuwa bado pamoja, na wengi walitenganishwa ujanani, mara nyingi kwa sababu wazazi hawakuridhia. Washiriki walijitolea wenyewe, na waliofanikiwa huenda walikuwa wepesi zaidi kujitokeza, kwa hiyo sizichukui takwimu hizo kuwa kipimo cha ndoa zote. Lakini zinatosha kuvunja dai kwamba maji hayo hayazoleki kamwe.

Upo utafiti unaoelekea upande wa pili, na sitaufumbia macho. Mwaka 2018 Kale Monk wa Chuo Kikuu cha Missouri na wenzake waliwachunguza watu zaidi ya 500, wakaona kwamba kuachana na kurudiana tena na tena huambatana na msongo na huzuni. Naam, na sioni mgongano. Wanaogombana Ijumaa na kupatana Jumatatu hawajaachana bado, na hakuna kilichobadilika kati yao. Posa ya pili ninayoitetea huja baada ya muda mrefu, hupitia kwa mshenga, na husomwa na watu wanaokumbuka kosa la kwanza.

Pingamizi zito zaidi ni la wanawake wenyewe. Wanasema: tumeshalazimishwa kurudi vya kutosha. Mwanamke hukimbilia kwao akiwa na alama za kipigo, wazee wakamwambia avumilie na kumrudisha usiku uleule. Nalikubali lote. Mwenye kupiga asirudiwe kwa sababu ya ahadi, na usuluhishi unaomrudisha mtu kwenye kipigo ni dhuluma. Lakini tazameni vizuri: jamii inayomlazimisha huyu kurudi ndiyo hiyohiyo inayomkataza yule asirudi kwa mtu mwema anayempenda. Mambo yote mawili humpokonya mwanamke kauli yake. Susan Hirsch, katika kitabu chake cha 1998 kuhusu mahakama za kadhi za pwani ya Kenya, alionyesha kwamba wanawake wanaotarajiwa kukaa kimya na kuvumilia ndio wanaofungua kesi, wanaeleza mambo yao waziwazi, na mara nyingi wanashinda. Mwenye uwezo wa kumweleza kadhi kwa nini anaondoka anaweza pia kumweleza baba yake kwa nini anarudi.

Wanaohofia watoto kuchanganyikiwa wana haki ya kutaka haraka ipungue, si ya kufunga mlango. Na kwenu akina baba, akina kaka na mawalii: barua ya posa ya pili ikifika nyumbani, msiipeleke barazani kwanza. Mpeni aliyeandikiwa aisome, muulizeni anataka nini, na mkubali jibu lake, liwe ndiyo au hapana.