Sakafu ya Mtoto Itangulie ya Mgeni

Mtu anayeamua kuikarabati nyumba yake, awe Ukunda, Msambweni au Lunga Lunga, hukabiliwa mapema na swali la sakafu. Je, aiache ya udongo, aitie saruji, au aipige vigae ing'are kama ukumbi wa hoteli za Diani? Wengi hulijibu kwa kutazama mfuko wao na macho ya majirani. Matokeo yake ni kwamba sebule hutandazwa vigae kwa ajili ya mgeni, ilhali chumba wanamolala watoto husalia vumbi tupu. Nasema bila kusita kwamba huo ni uzuri wa mkakasi.

Sakafu ngumu si jambo geni kwetu. Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu, na huko maana yake ni paa. Katika majumba ya mawe ya pwani, paa la chumba cha chini ndilo lililokuwa sakafu ya chumba cha juu: mafundi walilaza boriti za mikoko, wakapanga mawe ya matumbawe, kisha wakamwaga chokaa na kuiponda mpaka ikashikana. Lakini majumba hayo yalikuwa ya wachache. Wazee wetu wengi, Wadigo kwa Waduruma, walikanyaga udongo ulioshindiliwa na kusilibwa kwa mikono ya akina mama. Sakafu hiyo ni rahisi, tena ni baridi wakati wa joto la kaskazi. Siidharau hata kidogo.

Hata hivyo, udongo huo una wapangaji wasiolipa kodi. Mayai ya funza huanguka chini, na mabuu yake hukulia katika vumbi kavu, hasa pale watu wanapolala. Minyoo ya safura nayo hupenya ngozi ya mguu ulio wazi. Utafiti wa TUMIKIA, uliofanywa Kwale kuanzia mwaka 2015 hadi 2017, ulionyesha kwamba kuitibu jamii nzima hupunguza safura kuliko kuwatibu watoto pekee. Naam, dawa inafaa. Lakini tutawapa watoto dawa hadi lini, ikiwa jioni tunawarejesha kwenye vumbi lile lile?

Walimu hawahitaji kuelezwa. Mtoto mwenye funza huchechemea, huchekwa na wenzake, na vidole vilivyovimba havishiki kalamu. Huko Mexico, mpango ulioanzishwa katika jimbo la Coahuila mwaka 2000 uliwapa maskini saruji ya kufunika sakafu za udongo. Wachumi walioupima waligundua kwamba, pale udongo wote ulipobadilishwa, maambukizi ya vimelea kwa watoto wadogo yalipungua kwa asilimia 78, na uwezo wao wa kujifunza ukaongezeka. Mexico si Kwale, nakubali. Ndiyo maana ni jambo la kutia moyo kwamba watafiti waliichagua Kwale, pamoja na Bungoma, ili kulipima jambo hilo hilo hapa nyumbani.

Basi ushauri wangu kwa mwenye nyumba ni huu: vigae vingoje. Gharama yake ni kubwa, na vikilowa humtelezesha mzee. Saruji iliyolainishwa vizuri yatosha, mradi kifusi cha chini kishindiliwe barabara, mchanga usichotwe baharini wenye chumvi, na sakafu imwagiwe maji kwa siku 7 isije ikakauka upesi na kupasuka. Fedha zikitosha chumba kimoja tu, kiwe kile wanamolala watoto.

Najua wapo watakaoniuliza: je, asiye na hati ya ardhi afanyeje? Swali hilo ni zito. Familia nyingi za Kwale zimeishi kwa vizazi na vizazi katika mashamba ambayo kisheria si yao. Mtu anayeweza kufukuzwa kesho hawezi kuzika saruji leo. Kwa hiyo suala la sakafu halitengani na suala la ardhi, na serikali isijifanye kuwa hayo ni mambo mawili.

Serikali ya kaunti nayo ina wajibu wake. Katiba ya 2010 iliweka mikononi mwake shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Iwafunze vijana wa vyuo hivyo kutengeneza sakafu, na mazoezi yao ya kwanza yawe katika madarasa ya chekechea yenye udongo. Na ninyi wanafunzi, baba akizungumzia kuirembesha sebule, mwulizeni kwa adabu: sisi tunalala wapi?