"Prevaricate": neno la Kiingereza lenye miguu iliyopinda

Kiongozi anaulizwa na waandishi wa habari: feza za kutengeneza daraja zimefika, ndiyo ao hapana? Anajibu kwamba serikali inawajali wakaaji, kwamba wataalamu wamekwisha kutumwa, kwamba raia wawe na subira. Hajasema uongo hata mara moja. Lakini jibu halijatoka.

Waingereza wana kitenzi cha tabia hiyo: "prevaricate", yaani kuzungusha maneno ili ukweli usionekane. Ni tofauti na uongo wa wazi. Mwongo anasema daraja limejengwa. Huyu mwingine anakuacha udhani hivyo, na kesho anakuambia hakuahidi kitu.

Neno lenyewe linatoka katika Kilatini, praevaricari, na ndani yake mna neno linalotaja miguu iliyopinda, kama ya mtu mwenye matege. Pliny, mwandishi Mroma wa karne ya kwanza, alilitumia juu ya mkulima anayelima kwa ng'ombe: asipoinama vizuri juu ya plau yake, mstari wake unakwenda upande. Anaeleza kwamba kutoka shambani neno hilo likapelekwa mahakamani.

Mahakamani ndipo lilipopata uzito. Kwa Waroma, praevaricator alikuwa mshitaki anayemsaidia mshitakiwa kwa siri: anamsahau shahidi muhimu, anauliza maswali mepesi, anaipoteza kesi kwa makusudi. Mwaka wa 70 kabla ya Kristo, watu wa Sicily walitaka kumshitaki Verres, gavana aliyewapora mali. Wawili walijitokeza kuongoza mashitaka, Cicero na Caecilius. Huyo Caecilius alikuwa amefanya kazi chini ya Verres kulekule Sicily, tena kwenye mambo ya hazina! Hoja ya Cicero ilikuwa nyepesi kuelewa: mtu wa namna hiyo hawezi kufunua wizi wa mkubwa wake bila kujifunua mwenyewe. Cicero akapewa kesi, na Verres akakimbilia uhamishoni Marseille kabla haijamalizika.

Hapo ndipo neno linafundisha kitu ambacho kamusi za leo hazisemi. Kila neno la mshitaki huyo linaweza kuwa kweli, na bado watu waliomtuma wakapoteza haki yao. Kosa lake linapimwa kwa kuangalia ni nani aliyemwamini.

Kifaransa, ambacho Wakongomani wanasomea shuleni, hakijasahau. Prévarication bado ni kosa la mwenye cheo anayesaliti kazi aliyokabiziwa. Huko Uhispania, sheria inatumia neno la ukoo huohuo kwa mwamuzi anayetoa hukumu isiyo ya haki huku akijua. Kiingereza ndicho kimelegeza kamba. Siku hizi kuna Waingereza wanaolitumia hata kwa mtu anayechelewachelewa tu, na walimu wao wa lugha wanalalamika. Wana sababu ya kulalamika: neno lililokuwa likitaja usaliti sasa linatumika kwa mtu anayekawia kuamua kitu.

Katika inchi yetu pia jambo hilo linachukuliwa kwa wepesi. Watu wanasema "huyu anazungukazunguka", wanacheka, wanakwenda zao. Kwa mtu anayemkwepa jirani anayemdai, kicheko kinatosha. Kwa mbunge, wakili ao msemaji wa ofisi ya serikali, hakitoshi, kwa sababu yeye anakula mshahara wa kusema kwa niaba ya wengine. Akipindisha mstari, shamba linaloharibika si lake.

Waandishi wa habari nao wamo. Anayeandika jibu la kuzungusha jinsi lilivyotolewa, akafunga daftari bila kuuliza mara ya pili, anafanana sana na yule mshitaki wa maswali mepesi. Wengi wanafanya hivyo kwa woga, wengine kwa sababu ya bahasha ya "usafiri" inayogawanywa mlangoni.

Swali la daraja lilikuwa na majibu mawili tu. Wamama wa soko bado wanavuka mto kwa mtumbwi, na mvua zimekwisha kuanza.